Mnong'onezi wa Bi Argia

Haya sikuyasoma mahali. Dirce, mwanamke aliyemvisha Bi Argia Cantarelli nguo za jukwaani karibu maisha yake yote, alikuwa shangazi yake mama, na uzeeni alihamia kwetu, kwenye kile chumba cha nyuma ya jiko. Alinisimulia huku anakanda unga wa tambi, na kila alipofika kwenye habari za ule ukosi wa joho, mikono yake ilisimama. Asiyeamini asiamini, mimi siuzi kitu hapa.

Siku yenyewe ilianza kikawaida kabisa. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Ilario, siku ambayo Parma nzima inakula biskuti za umbo la kiatu zilizopakwa sukari. Baridi ya kukata masikio, ukungu umelala mtoni hata daraja halionekani. Bi Argia alikuwa jikoni kwake na gauni la kulalia, anachovya kiatu chake kwenye maziwa, na Dirce kamkalia mbele.

"Kula basi, Bi Argia. Utaimba na tumbo tupu?"

"Si nakula!"

"Unaloweka tu. Hicho kiatu kishakuwa uji."

Bi Argia alicheka kidogo, halafu akaacha. Alisukuma kikombe pembeni.

"Dirce."

"Abee."

"Kuna kitu nataka nikwambie."

"Haya, niambie."

Alimtazama Dirce, akatazama dirisha, akatazama vidole vyake. "Maziwa yamepoa," alisema. Dirce akaguna, akainuka kwenda kuyapasha. Miaka yote ndivyo ilivyokuwa kwa mama huyu: neno linafika kwenye meno, linarudi zake tumboni.

Alasiri hiyo angeimba kwa mara ya mwisho, kisha astaafu. Alikuwa soprano, sauti ile ya kike ya juu kabisa, na si soprano wa kubahatisha. Napoli walimlilia. Lisboni walimtupia maua mpaka jukwaa likawa halina pa kukanyaga. Kule Buenos Aires wanaume wazima, wenye ndevu zao, walimbeba na kiti chake hadi mlangoni pa hoteli. Lakini aliyeimba dunia nzima na hajaimba Parma, kwetu sisi huyo bado hajaimba. Sababu ni watu wa Banda la Njiwa, zile roshani za juu kabisa chini ya dari, za tiketi rahisi. Pale wanakaa wachinjaji, mafundi viatu, watia chumvi wa nyama, na mkate wao na soseji zao kwenye karatasi. Kila noti wanaijua. Ukikosea, hawakuonei haya: miluzi, mazomeo, na jina lako linapewa mkia ambao utazikwa nao. Bi Argia hawakuwahi kumpigia mluzi. Hata siku moja. Ndiyo maana makofi aliyoogopa kuyapoteza yalikuwa ya pale juu, si ya Lisboni wala wapi.

Sasa lazima nimtaje Zelinda, maana bila yeye hakuna habari.

Kila ukumbi wa opera una kijishimo pale mbele ya jukwaa, kimefunikwa upande wa watu kisionekane. Ndani anakaa mtu na kitabu cha nyimbo. Kazi yake ni kumnong'oneza mwimbaji neno la kwanza la kila mstari, kabla kidogo ya kuufikia. Neno la kwanza tu. Mwimbaji analidaka, mengine anamalizia mwenyewe. Huyo ndiye mnong'onezi, na mnong'onezi wa Bi Argia alikuwa Zelinda Ghiretti, mwanamke mwembamba, mwenye sauti iliyokufa. Hakuwa na sauti nyingine yoyote isipokuwa huo mnong'ono. Hata akikwita sokoni, alikunong'oneza.

Walizoeana hao wawili mpaka ikawa kichekesho. Bi Argia alikuwa hafikiri tena. Akitupiwa neno, analiimba. Siku moja kule Cremona panya aliingia kwenye kijishimo, akampanda Zelinda mguuni, naye kwa mshtuko akanong'ona, "Panya!" Bi Argia, malkia mzima na taji kichwani, akainua mikono yote miwili mbinguni akaimba, "Panyaaa!" Ukumbi ulivunjika mbavu. Baadaye, kwenye chumba cha kuvalia, Zelinda alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuna sauti iliyotoka kifuani mwake.

"Wewe, dada," alinong'ona akijifuta macho, "nikikupa neno 'moto', utajichoma?"

"Nitajichoma," Bi Argia alijibu. Dirce aliwasikia kwa masikio yake.

Watu walimsifu Bi Argia kwa jambo hilo kuliko hata kuimba kwake. Angalieni moyo wa yule mama, walisema. Mwenzake kapoteza sauti, yeye kamchukua, anazunguka naye dunia nzima, hasaini mkataba popote asipopewa Zelinda kijishimo chake. Padri alimtolea mfano kanisani. Na kila akisifiwa, Bi Argia alikuwa anainamisha kichwa, watu wakasema, tazameni na unyenyekevu wake! Hawakujua. Alikuwa anatafuta ardhi impasukie aingie.

Maana sauti ya Zelinda aliiua yeye.

Waimbaji wa kwetu wana miiko yao, na mwiko mkubwa kuliko yote ni violeti. Kile kiua kidogo cha zambarau. Wanaamini harufu yake inafunga koo. Na ilivyo hasara, Parma ndiyo mji wa violeti: yanauzwa kila kona, manukato yake yako kwenye kila duka, na mwimbaji wa Parma utamwona anavuka barabara kaziba pua na skafu. Zamani, wote wawili wakiwa wasichana, Zelinda ndiye aliyekuwa nyota. Argia alikuwa mwimbaji wa akiba, yule anayejifunza nyimbo zote, anavaa, anakaa nyuma ya pazia akisubiri mwenzake augue. Na Zelinda alikuwa haugui. Msimu baada ya msimu, hata mafua! Argia alikonda kwa kusubiri.

Ndipo siku ya kufungua msimu akanunua fungu la violeti kwa mama mmoja karibu na kanisa, akaingia chumba cha mavazi Dirce alipokwenda kunywa kahawa, akafumua ukosi wa manyoya wa joho la malkia, akayashindilia ndani, akashona. Uzi wa kijani, maana mwingine hakuupata. Zelinda alipanda jukwaani na joho lake. Sehemu ya kwanza aliimba vizuri. Sehemu ya pili manyoya yalipata joto la shingo yake, harufu ikatoka. Dirce alikuwa anachungulia pembeni na alimwona: Zelinda alisita, akanusa, akageuza kichwa polepole kutazama ukosi wake. Halafu uso wake ukawa wa mtu aliyesikia hatua nyuma yake. Alifika kwenye noti ya juu, ikakatika. Banda la Njiwa likapiga mluzi. Akaogopa, akailazimisha. Ikakatika tena, na safari hii alishika koo, akatema damu kwenye leso mbele za watu.

Wakamvua joho, wakamvisha Argia. Joho lile lile. Violeti yale yale chini ya pua yake mwenyewe, na akaimba mpaka mwisho bila kutetereka, na Banda la Njiwa likamshangilia hadi vumbi la dari likadondoka. Hilo ndilo lililomtafuna miaka yote. Kama maua yanafunga koo, mbona lake halikufunga? Basi si maua yaliyomvunja Zelinda. Ni kujua kwamba kuna mtu, hapo nyuma ya pazia, anayemchukia kiasi hicho.

Zelinda hakuuliza kitu. Miaka yote ile, hotelini, kwenye treni, mezani, hakuuliza. Alikula, akacheka kimya, akatoa neno la kwanza.

Akafariki mwezi wa kumi na moja uliotangulia sikukuu ile, kwa kifua. Siku mbili kabla, Bi Argia alikaa kitandani kwake, kamshika mkono.

"Siku ya kuaga utaimba Malkia?" Zelinda alinong'ona.

"Ndicho wanachotaka. Watu wa hapa wameng'ang'ania."

"Nitakuja kukupa neno."

"Pumzika, dada yangu. Usijichoshe."

"Hukunielewa." Zelinda alitabasamu. "Neno ninalo siku nyingi. Nimelitunza tu."

Bi Argia alielewa. Hapo ndipo pa kupiga magoti, jamani, hapo hapo! Mtu anakufa, mlango umefungwa, mko wawili. Akafungua mdomo akasema, "Nikuletee maji?" Zelinda akageukia ukutani.

Basi turudi kwenye sikukuu ile.

Onyesho lilikuwa la alasiri, na mji mzima ulikuwepo. Watu wa redio walikuwa wametandaza nyaya zao na mashine ya kurekodi. Chumba cha kuvalia kilijaa waridi na keki, Dirce kawafukuza wageni wote kwa taulo. Mnong'onezi mpya akaja kumsalimu mama, kijana mnene aitwaye Olindo Pezzani, jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Bi Argia, shikamoo. Nakuomba kitu kimoja. Ukiwa jukwaani usinikodolee macho, nitasahau kusoma."

"Wewe toa neno, mwanangu. Mengine niachie."

Akatoka. Dirce akaleta joho kutoka stoo. Bi Argia alisimama.

"Hilo ndilo lile?"

"Ndilo. Wanasema lazima uage nalo. Nimelipiga brashi, manyoya bado mazima."

Bi Argia alilisogelea polepole. Akainama, akanusa ukosi. Dawa ya nondo. Vumbi. Basi. Alishusha pumzi, akacheka mwenyewe, akamwambia Dirce amfunge kishikizo. Lakini kidole chake kilipapasa chini ya manyoya, na kikakutana na mshono. Uzi wa kijani ulikuwepo bado. Violeti aliyoyaweka hakuwahi kuyatoa. Joho lilirudishwa stoo siku ile ile na yeye akaenda zake kuwa mtu mkubwa.

Pazia likafunguka. Makofi yale yalikuwa hayataki kwisha, hata kabla hajaimba. Bi Argia alitazama kijishimo, akaona uso wa duara wa Olindo kwenye taa ndogo. Okestra ikamkaribisha. Akasubiri neno.

Likaja. Lakini midomo ya Olindo ilikuwa haijafunguka.

Mnong'ono mkavu, wenye mkwaruzo mwishoni. Bi Argia alilidaka akaimba, mwili umezoea, na ndipo Olindo akatoa lile lile neno, amechelewa. Mstari wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Alijiambia ni mazoea tu. Sikio la mtu mzima linasikia kile lilichozoea. Akaimba. Na jamani, aliimba! Dirce anasema hakuwahi kumsikia hivyo tangu ujana. Sehemu ya kwanza ilipokwisha Bi Argia alikuwa karibu anafurahi. Alijiambia, amekuja kunisaidia. Kanisamehe.

Sehemu ya pili Olindo hakutoa neno hata moja. Alikuwa amekaa upande upande, kama mtu anayebanwa begani, kitabu kimefunguka mapajani, mdomo wazi. Mnong'ono ulikuja bila yeye.

Sehemu ya mwisho. Malkia ameshitakiwa kwa uongo, anasimama peke yake mbele ya watu, anaimba wimbo ambao hata watoto wa Parma wanaujua. "Safi ni mikono yangu." Neno la kwanza ni "safi". Wimbo ule ule ulioanzisha jina la Argia, siku ile ile ya leso ya damu.

Okestra ilishuka. Taa zikabaki kwake.

Akasikia harufu.

Ilipanda kutoka kwenye ukosi, tamu, ya ubichi, kama fungu lililonunuliwa asubuhi. Ikampanda puani. Ikakaa kooni.

Akatazama kijishimo. Olindo alikuwepo. Kando yake palikuwa peusi zaidi kuliko panavyostahili.

"Violeti," mnong'ono ulisema.

Bi Argia hakufungua mdomo.

Kiongozi wa okestra alinyanyua kijiti, akangoja. Nyuzi za vinanda zikashikilia noti moja, zikaishikilia, zikaishikilia. Olindo akazinduka, akaanza kuhangaika. "Safi! Bi Argia, safi!" Banda la Njiwa likaanza kuguna.

"Violeti."

Neno la kwanza tu. Mengine anamalizia mwenyewe. Ndivyo kazi ilivyo.

Alitazama juu. Aliwaona wote wameinama kwenye kingo, vichwa na kofia, watu wake, waliompa kila alichonacho. Alijua akisema hili, kesho hakuna mtoto wa Parma atakayeitwa Argia. Watamzomea mpaka mlangoni. Na bado, anasema Dirce, kitu ndani yake kilitaka kuzomewa kuliko alivyowahi kutaka makofi. Alichoka, mama wa watu. Alichoka kusifiwa wema.

Akafungua mdomo, akaimba. Kwa tuni ile ile. "Violeti niliyaweka mimi. Ukosini mwake, kwa mkono huu. Sauti yake niliiua mimi." Alimtaja Zelinda kwa jina. Machozi yanamwagika, koo linawaka, aliimba yote aliyoyameza tangu ujana, na noti ya mwisho ya juu, ile iliyomkatikia Zelinda, aliishika mpaka akaona giza. Kisha akainamisha kichwa. Akangoja miluzi.

Palikuwa kimya. Kimya cha muda.

Halafu ukumbi ukalipuka. Watu wamesimama. Wanalia. Wanarusha kofia. "Safi! Safi!" walipiga kelele kutoka juu. "Argia safi!" Pazia lilishuka, likafunguka, likashuka, na kila lilipofunguka yeye alikuwa amesimama pale pale, mikono imelegea, anawatazama kama mtu aliyeamkia nyumba si yake.

Dirce alimpokea pembeni, naye analia. "Wee Bi Argia! Hujapata kuimba 'Safi ni mikono yangu' namna ile! Hata mawe yameamini!"

Bi Argia alimshika mabega. Akafungua mdomo kusema. Kilichotoka ni mnong'ono mkavu, wenye mkwaruzo mwishoni.

"Hamkusikia nilichosema?"

Chumbani alimweleza Dirce yote, kwa mnong'ono huo huo, maana sauti nyingine haikuwepo tena na haikurudi mpaka alipokufa. Dirce hakuamini. Alidhani ni uchovu, ni uchungu wa msiba. "Umemlilia sana Zelinda," alimwambia. Bi Argia akavua joho, akalitupa mezani, akamwekea mkasi mkononi. Fumua. Dirce akaona uzi wa kijani, akausogeza kwenye taa autazame vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akishona mavazi yote ya ukumbi ule na uzi wa kijani hakuwahi kuutia kwenye manyoya meupe. Akakata. Akageuza ukosi ndani nje. Akautikisa juu ya taulo.

Hakikudondoka kitu. Hata vumbi. Hata ua lililokauka. Kitambaa cha ndani kilikuwa cheupe kama kimefuliwa jana.

"Hamna kitu, Bi Argia," alisema. "Safi."

Bi Argia akaziba uso kwa mikono.

Olindo alikuja kuomba radhi, kofia kifuani. "Bi Argia, nisamehe, sijui nilipatwa na nini. Sikukupa neno, kila nikitaka kusema ulishaanza. Na kile kiti..." Akasita, akamtazama Dirce. "Kile kiti ni cha mtu mmoja, si ndiyo? Nimekaa nusu kiti alasiri nzima. Nilikuwa kama nampisha mtu." Hakurudi tena kwenye kazi ile. Alifungua duka la jibini na lipo hadi leo.

Miaka iliyofuata Bi Argia alijaribu. Kila mgeni aliyekuja alimnong'oneza habari ya violeti. Wengine hawakumsikia vizuri. Waliomsikia walimpapasa mkono, wakatoka nje wakasema, jamani, jinsi alivyompenda yule Zelinda, mpaka anajibebesha makosa yasiyo yake! Gazeti liliandika hivyo hivyo, kwamba moyo wa dhahabu umefikia hatua hiyo. Aliungama kwa padri, padri akamwambia huna dhambi hapo, mama, una majonzi. Alikwenda makaburini kila Jumapili kumnong'oneza Zelinda. Dirce alikuwa anamngoja getini na mwavuli. Akirudi alikuwa anatikisa kichwa tu. Alikufa hivyo, na maziko yake Parma ilifunga maduka.

Mimi nilikuwa msichana mdogo wakati redio ilipotangaza kwamba sikukuu ya Mtakatifu Ilario watapiga lile onyesho la kuaga. Dirce alikuwa hajawahi kulisikia redioni. Tulikaa jikoni wote, biskuti mezani, mama anashona. Wimbo ulipofika Dirce aliinua kidole tunyamaze.

"Safi ni mikono yangu," sauti iliimba.

Kiatu cha biskuti kilimdondoka Dirce mkononi. Mama akamuuliza kulikoni.

"Huyo si Argia," alisema. "Miye nimewavisha wote wawili. Sauti hiyo naijua. Hiyo ni ya Zelinda, kabla ya ile leso."

Tukasogeza masikio. Na hapo tukasikia kingine, kwa chini, karibu na kipaza sauti, pale kilipo kijishimo. Kila mstari, kabla kidogo ya kuimbwa, kulikuwa na mtu ananong'ona. Haukuwa mnong'ono wa Zelinda. Dirce aliyekaa na Bi Argia miaka ile ya mwisho aliutambua mara moja, akajishika kifua. "Violeti," ulinong'ona. "Niliyaweka mimi." Na Zelinda akaimba alichotaka yeye.

Noti ya juu ikapanda, haikukatika. Ikaisha. Pakawa kimya, kile kimya cha kabla ya makofi.

Ndani ya kimya hicho mnong'onezi alitoa neno jingine.

"Nimekusamehe."

Lilikuwa neno la kwanza la mstari ambao haumo kwenye opera. Bi Argia alikuwa anampa Zelinda aliimbe. Hakuna aliyeimba. Akamrudishia, kama wanavyofanya wanong'onezi mwimbaji asipodaka. "Nimekusamehe." Kimya. "Nimekusamehe..." Alikuwa anaomba sasa, unasikia kabisa anaomba. Kisha makofi yakamfunika. Dirce alizima redio.

Dirce naye hayupo tena. Onyesho lile redio wanalirudia kila mwaka, sikukuu ikifika, na mimi huwa nalisikiliza, sijui kwa nini. Mama alikuwa wa kwanza kuona, nikambishia. Sasa simbishii. Kile kimya cha kabla ya makofi kinarefuka. Mwaka jana mume wangu aliinuka kwenda kuigongagonga redio, akidhani imeharibika, na nikamshika mkono nikamwambia kaa, haijaharibika, anamsubiri.